Alitenda Dhambi Gani?



Ndugu zangu katika imani, kwetu Mahoko mtu akiumwa malaria hakuna anayeuliza alifanya nini. Ameumwa na mbu, anapewa dawa, majirani wanampelekea uji. Akivunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, vivyo hivyo. Lakini mwanamke akiambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, maswali huanza kabla hajafika nyumbani kutoka kituo cha afya. Aliolewa mara ngapi? Mume wa kwanza alikuwa nani? Alipokuwa akivuka mpaka kwenda Goma na biashara yake, alilala wapi? Na swali kubwa linaloyafunika yote: alitenda dhambi gani?

Namjua mama mmoja muuza viazi katika soko letu aliyeulizwa hayo. Hakuulizwa usoni. Aliulizwa barazani na, nasikitika kusema, uani msikitini baada ya Isha. Jina lake silitaji na habari zake nyingine hazituhusu, isipokuwa jambo moja lililonifanya nishike kalamu: alipopewa rufaa ya kwenda hospitali ya Butaro, aliahirisha safari mara mbili. Nauli alikuwa nayo. Alichokosa ni neno la kuwaambia watu watakaouliza anakwenda wapi.

Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, na sehemu kubwa ya masomo yangu mwaka huu ni juu ya protini zinazoshikilia umbo la kiini cha seli na namna zinavyozipanga kromosomu. Ni somo lililo mbali na umbeya wa mtaani. Hata hivyo kila nikilisoma naliona linaligusa lile swali la dhambi, tena kwa karibu. Nivumilieni nieleze kwanza yaliyomo ndani ya kiini, kisha tuje kwenye hukumu.

Ndani ya karibu kila seli yenye kiini katika mwili wa binadamu mna uzi wa DNA ambao ukiunyoosha unafika kama mita 2. Umegawanyika katika kromosomu 46, na wote umekunjwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama mikromita 10, yaani sehemu 1 ya 100 ya milimita. Kuza kipimo hicho mpaka kiini kiwe na ukubwa wa chungwa kubwa: uzi utakuwa wa kilomita 20, unatosha kutoka Mahoko hadi ufukweni Gisenyi na mwingine ukabaki. Uzi huo haukurundikwa ovyo. Chini ya utando wa kiini kuna wavu uliosukwa kwa protini ziitwazo lamini: lamini A na C, ambazo hutoka katika jeni moja, na lamini B1 na B2. Wavu huo ndio unaokipa kiini umbo lake na ugumu wake. Tena una kazi ya pili: sehemu nyingi za kromosomu zimefungwa kwake.

Anayelijua soko la Mahoko siku limejaa atanielewa haraka. Vibanda vilivyoegemea ukuta wa nje mara nyingi ni stoo, milango imefungwa, magunia yamepangwa mpaka juu. Biashara yenye kelele iko katikati, kwenye njia wanakopita watu. Ndani ya kiini hali inakaribia hiyo. Jeni zilizo karibu na wavu wa lamini nyingi zao zimenyamaza, na zinazosomwa kwa wingi hukaa ndani zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Edinburgh walionyesha hilo kwa kromosomu mbili zinazokaribiana kwa ukubwa: ya 18, yenye jeni chache, hukaa pembeni, ya 19, iliyojaa jeni, hukaa katikati. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam walichora ramani ya sehemu zote zinazogusa wavu huo katika seli za binadamu, wakapata zaidi ya 1,300, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya theluthi ya DNA yetu yote.

Maana yake ni kwamba herufi za DNA peke yake hazitoshi kueleza seli itafanya nini. Gunia lilelile la maharage, likiwa stoo au likiwa mezani njiani, halina mauzo sawa.

Hapa niongeze jambo moja lililonifurahisha, ingawa halihusu saratani. Katika jicho la panya, seli zinazopokea mwanga hafifu wa usiku zimeupindua mpango huu wote: DNA iliyonyamaza iko katikati na inayosomwa iko pembeni. Watafiti wa Munich waliliona hilo mwaka 2009, na baadaye ikajulikana kwamba seli hizo hazina zile kamba mbili zinazofunga DNA pembeni, yaani lamini A na C, na protini nyingine iitwayo LBR. Kwa panya hii ni neema, kwa sababu kiini kilichopinduka namna hiyo hukusanya mwanga kama lenzi, na mnyama huyo anahitaji kuona gizani. Subhanallah. Kwa hiyo hata kiini kilichopangwa kinyume na kawaida hatuwezi kukiita kibovu kabla hatujajua kiko wapi na kinafanya kazi gani.

Sasa saratani. Zaidi ya nusu karne madaktari wamekuwa wakiitambua kwa kutazama kiini tu kwenye hadubini. Kipimo alichokianzisha George Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, kinategemea hilo: kiini kimekuwa kikubwa kupita kiasi, ukingo wake umekunjamana, rangi imekolea hapa na kupauka pale. Kwenye vituo vyetu vya afya kuna kipimo cha bei nafuu zaidi. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, na husubiri kidogo. Siki hugandisha kwa muda protini zilizo ndani ya seli, na mahali penye seli zenye viini vikubwa vilivyosongamana hugeuka peupe. Siki, kitu cha jikoni, na jicho la muuguzi, vinatosha kuokoa maisha. Lakini muuguzi yeyote mzuri atakuambia pia kwamba weupe huo si lazima uwe saratani. Hata uvimbe wa kawaida huweza kuuleta.

Lamini zinahusikaje? Jibu la kweli halinyooki kama kamba. Katika saratani nyingi, zikiwemo baadhi za matiti, lamini A hupungua. Kiini kinakuwa laini, seli inaweza kujipenyeza mahali pembamba na kusambaa. Katika nyingine, hasa baadhi za utumbo mpana, kuwa na lamini hiyo ndiko kunakoendana na hali mbaya zaidi. Ikipungua mno, kiini hupasuka seli inapojibana kupita, na seli yenyewe huweza kufa. Pia kromosomu iliyoachwa nyuma wakati seli inagawanyika hujikuta ndani ya kiini kidogo cha pembeni chenye wavu dhaifu; wavu ukipasuka, kromosomu ile huvunjika vipande vingi, na vipande vikaungwa upya bila mpangilio. Soko limebomoka usiku, na asubuhi kila mtu anaweka meza anapopata.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ulitokea Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Baadaye ikagundulika kwamba kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni iitwayo MYC inayoamuru seli igawanyike, mara nyingi huwa kimehamia kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, mahali ambapo katika seli hizo za damu hapafungwi mchana wala usiku. Jeni ya MYC yenyewe ilikuwa na kazi yake halali. Imehamishiwa kwenye kibanda kisichofungwa. Tena wachunguzi wa mpangilio wa kiini wameona kwamba katika seli hizo sehemu hizo mbili hukaa karibukaribu kuliko ambavyo bahati tupu ingeziweka. Ujirani wao unarahisisha kubadilishana vipande.

Wagonjwa wa Burkitt wengi walikuwa watoto, wengine hawajafika umri wa kwenda shule. Virusi vile huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Malaria ya mara kwa mara huongeza hatari. Basi wale wa uani msikitini nawauliza: mtoto wa miaka 5 wa Kampala alitenda dhambi gani? Kalamu ya kuandika madhambi bado haijafunguliwa kwake.

Najua jibu litakalotolewa. Litasema: mtoto ni mtihani kwa wazazi, lakini mtu mzima ni jambo jingine, na Qur'an imetaja kwamba misiba hutufika kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu. Aya hiyo ipo katika Suratu Shuura, na hatuifichi. Ila isomeni mpaka mwisho, mtaona kwamba inataja pia kuwa Allah husamehe mengi. Inamsemesha msomaji juu ya nafsi yake. Mimi nikiumwa nina haki, hata wajibu, ya kujihesabu. Aya haikunipa funguo za daftari la jirani. Ayyub (a.s.) aliugua miaka naye ni Nabii. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoingiliwa na Ibn Mas'ud akiwa na homa kali alimweleza kwamba yeye huumwa homa kiasi cha watu wawili. Anayedhani kila maumivu ni hati ya mashitaka, aanze kwa kutueleza homa hiyo.

Hapa ndipo neno sababu linapotutega. Kwa Kiswahili chetu tukiuliza "sababu ni nani?" tunatafuta mkosaji. Kwa Kiarabu, lugha tulikolichukua neno hili, sabab asili yake ni kamba: kitu unachoshika ili ufikie kingine. Maulamaa walibishana sana juu ya kamba hizi. Imam al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alitoa mfano wa pamba na moto: tunachokiona kwa macho ni pamba ikiungua inapogusana na moto, na hatuoni chochote kinacholazimisha iungue, anayeunguza ni Allah, na huo ndio mwenendo aliouweka. Ibn Rushd akamjibu kwamba anayekanusha sababu anaikanusha akili yenyewe. Mjadala huo ni mrefu na hautaisha kwenye jarida letu. Ila angalieni walipokubaliana katika matendo. Ghazali huyohuyo, katika Ihya, anapoeleza tawakkul, hamsifu mtu mwenye njaa anayekaa mbele ya chakula bila kunyoosha mkono. Huo kwake si utegemezi kwa Allah. Na Ibn Rushd alikuwa tabibu.

Maabara nayo ina ubishi unaofanana na ule. Tunaziona lamini zilizopungua na kiini kilichokunjamana vikiandamana na saratani. Je, ndivyo vilivyoileta, au ni alama ilizoziacha ilipopita? Mwaka 2003 ilijulikana kwamba badiliko dogo katika jeni ya lamini A huleta projeria, ugonjwa adimu wa watoto wanaozeeka wakiwa wadogo. Viini vya seli zao vimekunjamana vibaya, kromosomu zimeachana na ukuta. Lakini kinachowaua watoto hao ni moyo na mishipa. Kama ukuta ulioharibika ungekuwa peke yake ndio saratani, hao wangetangulia kuipata. Kwa hiyo mtafiti makini akiulizwa sababu hatoi jina moja. Atataja virusi, kinga ya mwili, umri, jeni, mahali jeni ilipokaa, ukuta uliolegea, na mengine ambayo seli yenyewe ilijitengenezea baada ya kuanza kuharibika. Ni mafundo mengi kwenye kamba nyingi. Umbeya unataka fundo moja tu, tena liwe na jina la mtu.

Turudi kwenye saratani ya mlango wa kizazi, maana hapo umbeya una kisingizio cha kisayansi. Ni kweli kwamba karibu zote hutokana na virusi vya HPV, na kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini elezeni habari yote. Watu wengi sana waliowahi kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani, na kwa wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Vikibaki, mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee. Mwanamke aliyeolewa mara moja, kwa ndoa ya halali, asiyemjua mwanamume mwingine, anaweza kuvipata kutoka kwa mumewe, naye mume asijue kwamba anavyo. Ukinipa seli zake nizitazame kwa hadubini nitakuambia kiini ni kikubwa, ukingo umekunjamana, kromosomu zimehama. Sitaweza kukuambia virusi viliingia mwaka gani, vilitoka kwa nani, katika ndoa au nje yake. Hilo halimo katika kiini. Profesa wangu hawezi kulisoma, wala mashine ya mamilioni ya faranga.

Kumsema mwanamke kwa zina, sheria yetu inataka mashahidi wanne walioona kwa macho yao. Asiyewaleta, adhabu yake katika Suratu Nuur ni viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Najua wale wa uani watasema hawakumtuhumu mtu, waliuliza tu. Ndivyo umbeya unavyosemwa siku zote. Mimi si faqihi na sitoi fatwa kama kuuliza kule kunafikia qadhf. Ninachoweza kusema kwa taaluma yangu ni kwamba ugonjwa ule hauhesabiki hata kama robo ya shahidi.

Na kama kweli aliwahi kukosea? Swali hili tusilikwepe, maana tukimtetea mgonjwa kwa sharti kwamba awe msafi tumeiacha mahakama ya mtaa ikiendelea na kazi. Kama alikosea miaka ile, toba ni yake na Mola wake, sitara ni wajibu wetu, na haki yake ya kutibiwa haikupungua hata punje. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, aliwaruhusu na kuwaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea tiba, isipokuwa uzee. Hakuwauliza kwanza waliupataje.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaotuhusu sisi wanaume tunaokaa safu za mbele. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuanza kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya HPV, na mwaka uliofuata kituo cha saratani cha Butaro kikafunguliwa kule Burera. Yapo masikio yaliyosikia chanjo hiyo kama ruhusa ya zina. Ndugu mmoja aliniambia: binti yangu nimemlea kwa dini, haihitaji. Nikamuuliza kama amemlea na mume atakayemuoa. Akanyamaza, kisha akasema tawakkul. Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuza msafara Sargh kwa kuogopa tauni ya Sham, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kwamba anatoka kadari ya Allah kwenda kadari ya Allah. Chanjo nayo imo ndani ya kadari, kama ulivyomo ukuta wa lamini uliokaza au uliolegea.

Muhula uliopita mama alinipigia simu kutoka nyumbani. Mdogo wangu yuko darasa la sita, na shuleni wametangaziwa siku ya chanjo. Nikaona ni nafasi yangu. Nikamweleza virusi, kiini, wavu, kromosomu zinazohama, nikafika mpaka kwenye siki, na salio la simu likiisha taratibu. Mama akanikatiza.

"Mwanangu, mimi nilitaka kujua kama inauma."

Nikamwambia inauma kidogo, kama sindano nyingine. Akasema basi, atampikia wali siku hiyo.